Fundi Aliyetusikilizia Radi

Mvua za Mbeya zikikaribia, watu wengine hutazama mawingu. Sisi wa mtaa wetu pale Soweto tulikuwa tunamtazama Fundi. Akiinua kichwa kutoka kwenye runinga aliyoifungua, bisibisi ikabaki hewani, tulinyamaza wote. Akiinama tena, tunapumua. Lakini akisimama, hapo hakuna kuulizana. Alitoka mpaka katikati ya barabara, kofia yake ya kushona kichwani na raba miguuni, akapaza sauti: "Chomoeni! Jamani, chomoeni!" Basi milango ikabamizwa, watu wakakimbilia plagi.

Wakati huo sisi hatujasikia kitu. Tulichomoa kwa kumwamini tu. Runinga zikafunikwa shuka, vioo vikageuziwa ukutani, watoto wakaitwa ndani, na ndipo upande wa Mbalizi kukaanza kuguna. Yule mtu alikuwa na masikio ya kuogopesha.

Naomba nieleweke mapema: mimi ni mwoga. Sisemi kwa mzaha. Nilipokuwa mtoto kule Rungwe niliona ng'ombe watatu wamelala chini ya mti mmoja, hawana jeraha lolote, wamekufa na majani bado yako mdomoni. Tangu siku ile radi ikinong'ona tu, mwili wangu unaruka kabla sijauambia. Natupa nilichoshika, najifunika khanga kichwani, naita majina ya watu waliokufa zamani. Binti yangu Neema ananicheka mpaka anashika mbavu. Mwacheni acheke, hakuwaona wale ng'ombe.

Mimi nashona nguo. Cherehani yangu ilikaa barazani, na kibanda cha Fundi kilikuwa ng'ambo ya barabara, tunaonana. Ingawa na mimi ni fundi kwa kazi yangu, mtaani ukisema Fundi ni yeye peke yake, wa redio na runinga. Mimi walinijua kama Mama Neema. Yeye alikuwa mmoja wa watu wa pwani waliopanda huku nyanda za juu kwa biashara, Kiswahili chake kimenyooka, na sisi tukichanganya maneno yetu alitutazama kama tumemtilia mchanga kwenye chai. Mkewe alikuwa Mbena wa Igowole, mwanamke wa maneno machache.

Sasa nisikilize kitu cha ajabu. Huyu mtu aliyeishi kwa umeme, aliuogopa umeme kuliko mimi ninavyoiogopa radi. Hakugusa chuma chochote kwa kiganja kabla hajakigusa kwa nyuma ya mkono. Raba hazikumtoka mguuni hata siku ya Idi. Akitaka kufungua runinga yako, kwanza anachomoa, anakuonyesha plagi, anakwambia, "Shuhudia." Kisha anaiweka plagi kwenye kigoda na kuikalia. Ndiyo, anaikalia! Anasema duniani kuna watu wa aina mbili, wanaochomoa na wanaopita wakachomeka bila kuuliza, na hao wa pili ndio wanaojaza makaburi.

Vijana walimtania. "Fundi, mbona unaogopa hivyo, na wewe ndiye fundi mwenyewe?"

"Kwa mwoga huenda kicheko," alijibu bila kuinua macho. "Kwa shujaa huenda kilio. Lete hiyo testa."

Zilipoingia saundibaa, yale maspika marefu membamba ya kulaza chini ya runinga, kazi yake ilibadilika. Kila nyumba ikataka moja, na zote zilikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa huku kwetu. Radi ikilia tunachomoa kila waya, mpaka ule wa kuunganisha runinga na saundibaa, ambao hata hauna haja. Radi ikipita tunarudisha mikono bado inatetemeka. Nyuma ya runinga kuna matundu matatu yanayofanana kama mapacha, lakini moja tu, lenye herufi ARC pembeni, ndilo linaloipelekea saundibaa sauti. Wewe uliyekuwa chini ya meza unasoma zaburi, utazikumbuka herufi? Unachomeka popote. Picha inakuja, midomo inacheza, saundibaa kimya kama maiti.

Kesho yake asubuhi watu wamejaa kibandani kwake. "Fundi, saundibaa yangu imekufa!"

"Haijafa. Umeichomeka wapi?"

Alikuwa na utaratibu wake na hakuuruka hata kama ulikuwa na haraka ya mazishi. Kwanza anatazama taa ya saundibaa, inawaka au haiwaki. Halafu waya, ncha hii mpaka ncha ile, kwa vidole, taratibu. Halafu tundu. Halafu anaingia kwenye setingi za runinga kuona kama sauti imeambiwa itoke spika ya nje au imebaki ndani. Ikishindikana, anachomoa vyote viwili ukutani, anahesabu pole pole mpaka sitini, anarudisha. "Ufuate waya mpaka ukutane na kosa," alisema. "Usimrukie mtu aliyeko mwishoni ukamlaumu."

Kwangu alikuja mara ya kwanza nikilia kwamba rimoti haifanyi kazi. Alisimama mlangoni akatazama, akaguna. "Mama Neema, hii saundibaa umeivalisha sketi." Kweli, nilikuwa nimeifunika kitambaa cha kufuma, kizuri, chenye maua, na jicho la kupokea rimoti limezibwa kabisa. Alikikunja kitambaa mara nne, akanikabidhi kwa mikono miwili kama vazi la harusi. Nilichukia siku mbili nzima.

Kuna nyumba ya mzee mmoja wa kanisa, saundibaa yake ilianza kuimba taarabu katikati ya maombi ya familia. Walikemea. Ikaendelea. Wakaleta watu wengine wa kukemea, wenye sauti kubwa zaidi. Fundi alipoitwa alivua kofia kwa heshima, akasikiliza, akaenda moja kwa moja saluni ya jirani na kumwambia dada wa pale azime simu yake. Aliporudi akawaambia, "Pepo wenu anaitwa blutuu. Mmfungie mlango kwenye setingi." Hakuamini mashetani ya vyombo. Lakini yeye huyohuyo hakupita chini ya nyaya za barabarani bila kusema bismillahi, na siku ya mawingu alizunguka mbali ili asipite karibu na nguzo. Ukimuuliza, anakwambia hayo ni mambo mawili tofauti.

Wapo walionong'ona. Mtaa haukosi. Waliuliza, mtu anaijuaje radi kabla haijaja? Huku kwetu kuna wanaoamini kwamba radi hutumwa, na anayejua saa ya mgeni kufika ndiye aliyemwita. Niliyasikia hayo bombani nikakaa kimya. Niliogopa kumtetea, wasije wakasema na mimi nimo. Najilaumu kwa hilo, lakini hilo ni dogo.

Miaka yake ya mwisho pale mtaani alianza vituko. Ukimsalimia kwa nyuma, hajibu. Ukienda mbele yake, anakujibu kwa furaha kama hamjaonana mwaka. Watu wakasema amekuwa na maringo. Akijaribu saundibaa alilaza vidole viwili juu ya spika, akafumba macho, halafu akamuuliza mwenye nayo, "Unaionaje sauti?" Mimi nikajisemea, huo ndio ufundi mkubwa, ukishazeeka na kazi unaihisi kwa vidole.

Na kingine, akaigeuza meza yake. Zamani alifanya kazi ameipa barabara ubavu. Sasa akakaa ameelekea barazani kwangu moja kwa moja, na kila dakika anainua macho kunitazama. Mungu wangu! Mimi ni mjane, yeye ana mke, na mtaa una macho. Nilihamisha cherehani nyuma ya nguzo ya baraza. Kesho yake nikakuta na yeye amesogeza meza hatua tatu, ananiona vilevile. Nikaanza kumwogopa na yeye. Nilishona nimeinamisha kichwa mpaka shingo ikaniuma, na sikumwambia mtu.

Kwamba masikio yake yalikuwa yanachoka, wazo hilo lilinijia mara moja au mbili na nikalifukuza. Radi alikuwa bado anaiita! Mtu anayesikia radi ya Mbalizi atakosaje kusikia shikamoo ya mtoto aliye nyuma yake? Ni kweli mwito wake ulikuwa umechelewa kidogo siku hizi. Mara nyingi mimi nilikuwa nimeshajifunika khanga ndipo nasikia "Chomoeni!" Lakini alikuwa anaita. Na ukweli ni kwamba sikutaka kujua. Fundi akiwa hasikii, nani atatusikilizia? Nilipofikiria hivyo nikarudi kwenye pindo la sketi ya watu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana nikizunguka zaidi nitashindwa kuisema.

Neema alikuwa anachumbiwa na kijana wa Iringa, na wazee wa kijana walikuja naye nyumbani, mchana, watu watano, wameoga wakapendeza. Neema alinishika mkono jikoni kabla hawajaingia. "Mama, nakuomba. Leo mvua ikija, usijifunike khanga mbele ya wakwe. Usipige kelele. Kaa kama watu wengine, tafadhali." Macho yake yalikuwa na machozi. Nikamwahidi. Mtoto wangu mmoja huyohuyo, ningemkatalia nini?

Tulitaka kuweka muziki wa taratibu utoke vizuri kwenye saundibaa, nayo ikawa kimya. Jana yake kulikuwa na radi, tulichomoa, tukarudisha hovyo. Nikamwita Fundi. Alikuja na raba zake, akawasalimu wageni, akaingia nyuma ya runinga. Kwa kazi ile hakuweza kuikalia plagi, maana lazima chombo kiwake ndipo ujue tundu lipi linasema. Alikuwa ameushika waya kwa mkono wa kulia, uso wake umeelekea kwangu juu ya runinga.

Niliisikia. Mbali kabisa, nyuma ya kicheko cha mkwe mwanamume, ikaguna. Mwili ukataka kuruka. Nikaubana. Nilishika mkono wa kiti nikakaza mpaka kucha zikauma. Nikamtazama Fundi, na yeye ananitazama. Nikajisemea, Fundi hajasema kitu. Fundi hajasema, basi hiyo si radi, ni lori. Nikatabasamu. Akarudi kwenye waya wake.

Ikaguna tena, karibu zaidi. Akanitazama tena, safari hii kwa muda mrefu. Neema naye alikuwa ananitazama. Nikatabasamu tena.

Halafu nyumba nzima ikawa nyeupe.

Sijui nieleze vipi. Mlio ulikuja pamoja na mwanga, haukusubiri. Nilipofumbua macho, nguzo ya umeme ya nje ilikuwa inafuka moshi, chumba kinanuka kuungua, mkwe mwanamke amelala chini anataja damu ya Yesu. Fundi alikuwa ukutani, ameketi miguu imenyooka, raba zimebaki mguuni, mkono wa kulia umeshika kitu ambacho hakipo tena. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilijua amekufa. Nilijua ni mimi.

Hakufa. Kijana wa Neema na baba yake walimbeba mbio mpaka barabarani, wakapata gari. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikunjika na havikunyooka tena. Mtaani runinga ziliungua nyumba kumi na kitu, kwa sababu hakuna aliyechomoa. Na wale wa bombani wakapata la kusema: aliyekuwa anaiita, leo imemjia mwenyewe. Alipotoka hospitali hakufungua kibanda. Mkewe alifungasha vyombo kimyakimya, wakahamia kwao mke, Igowole. Mimi siku wanaondoka nilijifungia ndani nikajifanya naumwa. Niliogopa asije akaniuliza.

Neema aliolewa, yuko Mafinga sasa, ana mtoto. Mwaka huu nilipokwenda kumwona mjukuu, nilijikuta nawaza kwamba Igowole haiko mbali, na kwamba mwoga naye hufika umri wa kuchoka kukimbia. Nikaenda.

Mkewe alinipokea uani kwa salamu ya Kibena. "Kamwene, Mama Neema." Nikamjibu. Fundi alikuwa ameketi kwenye ukumbi, amenipa mgongo, mvi zimemjaa. Nikamwita. Kimya.

"Usimwite kwa nyuma," mkewe akasema. "Hasikii. Zunguka mbele, aone mdomo wako."

Nikamgeukia. "Tangu ile radi?"

"Radi gani? Ilianza miaka minne kabla ya radi. Kumbe hamkujua?"

Nilizunguka mbele. Aliponiona uso ulifunguka, akaamka, akanikaribisha sebuleni, akaagiza chai. Chini ya runinga yake kulikuwa na saundibaa, na sauti ilikuwa kubwa mpaka vikombe vinalia kwenye sahani. Alilaza vidole viwili vizima juu yake. "Inatoka?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaridhika.

"Fundi," nilisema nikiwa nafungua mdomo sana, kama nasema na mtoto. "Kama ulikuwa husikii, zile radi ulikuwa unazisikiaje?"

Akaninyooshea kidole kilichopinda. "Wewe."

"Mimi?"

"Mwanamke mwoga kuliko wote Soweto. Ukiruka, mimi naita. Ukihamia nyuma ya nguzo, na mimi nahama. Ningemwambia nani? Fundi wa sauti asiyesikia sauti, nani atamletea kazi? Niliogopa, Mama Neema. Nikasema, madhali yule anaruka, mtaa uko salama." Akanywa chai. Hakuwa na hasira, alikuwa na ule uso wake wa kufuata waya. "Ila kuna kosa moja sijalipata. Siku ile nilikutazama mara mbili. Mara zote mbili ukatabasamu. Nimefuata waya wote, nikifika hapo kwako nakwama. Hukuisikia?"

Ningeweza kusema sikuisikia. Mdomo ulishaanza kulijenga neno hilo, nakiri.

"Niliisikia."

Alikunja uso, akasogea. "Rudia. Taratibu."

"Niliisikia, Fundi. Mara zote mbili. Nilimwahidi Neema sitaruka mbele ya wageni. Na nikakuona wewe umetulia, nikasema kama ingekuwa radi ungeshasema." Machozi yalikuwa yananitoka, na sikuweza kufunika uso kwa sababu alihitaji kuona mdomo. "Nisamehe. Mkono wako ni mimi."

Alikitazama kile kiganja chake, akakigeuza upande huu na upande huu.

"Kumbe mimi nakungoja wewe," akasema, "na wewe unaningoja mimi." Akapumua kama mtu aliyetua gunia. "Basi nimelipata. Siku nyingi nilidhani ni mimi niliyekutazama vibaya."

Hapo radi ikaguna. Huko mbali, nyuma ya misitu ya miti ya mbao, ndogo tu. Nikaruka. Chai ilimwagika kwenye mkeka, khanga ikapanda kichwani, nikamwita mama yangu na bibi yangu, wote marehemu. Nilipochungulia, kiti cha Fundi kilikuwa kitupu. Alikuwa uani tayari, na sauti yake ilikuwa ileile ya Soweto: "Chomoeni! Jamani, chomoeni!" Nikasikia milango ya majirani inabamizwa, mtoto anaitwa ndani, redio ya mtu inazimwa.

Akarudi, akachomoa ya kwake, akanionyesha plagi. "Shuhudia." Akaiweka kwenye kigoda akaikalia. Mvua ilianza kupiga bati. Akakigeuza kigoda chake kikanielekea, akanikazia macho, na mimi nikatetemeka bila kujibana.